Upana wa Mguu wa Alban

Treni ilikuwa imeshaiacha stesheni ya Weston na mimi nimeshapata kiti cha dirishani, begi moja miguuni na boksi la vyombo vyangu vya kushonea viatu mapajani, simu ilipolia. Nilikuwa naihama Toronto. Nimeihama miji mingi na sijawahi kuwa mtu wa kuaga. Chumba changu cha chini kule Mount Dennis nilikuwa nimeshakifagia, ufunguo nimeuacha juu ya friji. Winnipeg alikuwako mtu anaitwa Salman, anatengeneza mabuti, mikono imeanza kumtetemeka, akaniambia njoo tusaidiane.

"Taki, uko wapi?"

Alikuwa Alban.

"Niko njiani."

"Wewe kila siku uko njiani. Sikiza. Placido amenipigia simu."

Alban namjua tangu Ngara, Nairobi, mimi fundi viatu barazani, yeye karani wa reli, kijana wa Kigoa, tai imenyooka kama rula. Placido ni kaka yake, baba mmoja mama mmoja. Walikuwa hawajasemeshana miaka kumi na tisa.

"Amesema nini?"

"Ako mgonjwa. Mapafu. Anasema niende Uingereza tufanye Pasaka pamoja, tupande ile kilima yake, ile anapanda kila Jumapili baada ya misa. Na amesema nisiende na raba. Niende na viatu ya Kiingereza ya kweli, ya matundu, kama zile nilimharibia." Akavuta pumzi. "Taki, mimi sijui kuchagua. Wewe ndiyo unajua."

Treni ikasimama Bloor. Nikashuka na begi langu na boksi langu, nikavuka upande wa pili kungoja treni ya kurudi.

Alban na mkewe Dulcie walikuwa wanakaa mtaa wa Jane na Finch, ghorofa ya kumi na mbili. Nilimkuta Dulcie anapiga pasi foronya, mvuke umemjaa usoni.

"Umekuja, daktari wa viatu? Basi mwambie mwenzako aende. Binti yetu Tanya anaweza kukata tiketi leo hii, Jumatano yuko kwa kaka yake. Raba zake ziko pale mlangoni, nimezifua mwenyewe, nyeupe kama za muuguzi."

"Dulcie, siwezi kwenda kwa Placido na raba," Alban akasema.

"Kwa nini? Atakukata miguu?"

"Atanicheka."

"Si acheke! Mgonjwa akicheka si ndiyo vizuri?" Akageuza foronya. "Mtu wa mapafu anakwambia Pasaka, na leo bado ni Januari. Wewe unasikia Pasaka. Mimi nasikia njoo."

Ilibidi Alban anieleze upya habari ya vile viatu, ingawa niliijua. Placido alipoanza kazi benki, mwaka wa sitini na sita, aliagiza Uingereza jozi moja ya viatu vya kahawia, vizito, vimetobolewa matundu puani na ubavuni, vile wenyewe wanaviita brogi, wanavaa mashambani kwao kwenye umande na tope. Alikuwa anavilaza ndani ya mfuko wa kitambaa. Krismasi ile Alban akaviiba kwenda navyo dansini. Mvua ikanyesha, akarudi amevijaza udongo mwekundu wa Nairobi, na kwa woga akavianika karibu na jiko la makaa. Ngozi ikapasuka. Placido hakumpiga. Alivivaa vile vile vimepasuka, mwaka mzima, kila asubuhi akimpita Alban mezani ili avione.

"Sasa ameniambia kwenye simu," Alban akasema, "'Kuja na viatu yako mwenyewe mara hii.' Akacheka, halafu akakohoa, nikasikia anakohoa mpaka simu ikakatika."

Nilitazama miguu yake. Nilimwambia tutakwenda dukani Jumamosi, saa tisa mchana, si asubuhi. Mguu wa asubuhi ni mwongo, umelala usiku kucha umenywea. Kiatu hununuliwa mguu ukiwa umechoka.

Shamez ana duka lake Unionville. Ni Ismailia, mzaliwa wa Mwanza, baba yake alikuwa na duka la viatu huko, naye hajawahi kuuza kitu kingine maisha yake yote. Tanya ndiye aliyetuendesha. Mwanamke wa miaka arobaini na kitu, anasikia kila neno la Kiswahili na kila neno anajibu kwa Kiingereza.

"Mzee Taki!" Shamez akasema. "Nilisikia umehama."

"Nilihama. Nimerudi."

"Umekaa huko muda gani?"

"Nilifika Bloor."

Alicheka sana. Nikamwambia atupimie. Akaleta lile bamba la chuma, Alban akasimama juu yake amevaa soksi nene za sufu nilizomletea mimi, maana huwezi kupima mguu kwa soksi ya kanisani halafu ukapande nayo kilima. Mguu wa kushoto, nane. Wa kulia, nane na nusu, na pembeni mwa kidole gumba nundu ya mfupa kubwa kama kokwa ya tende.

"Mzee, hii miguu yako imezaliwa mama mmoja kweli?" Shamez akauliza.

"Mama mmoja," Alban akasema. "Lakini hazisemeshani."

Hata Tanya alicheka.

Jozi ya kwanza aliyotoa Shamez ilikuwa inang'aa kama meza ya wakili. Nikakishika kiatu, nikakikunja, nikapitisha ukucha kwenye mshono wa pembeni. Mshono ulikuwa wa urembo tu. Soli imebandikwa kwa gundi. Nilifanya kazi miaka minne Northampton, kwenye kiwanda, kazi yangu ilikuwa hiyo hiyo ya kushona ule ukanda wa ngozi unaokamata kiatu na soli, kwa hiyo mshono wa uongo naujua hata gizani. "Wiki moja ya umande," nikamwambia Shamez, "kitafungua mdomo kama samaki." Akakirudisha bila kubisha.

Jozi ya pili ilikuwa yenyewe. Mpaka leo naweza kukueleza. Ngozi ya chembechembe, kahawia ya chai iliyokaa, nzito lakini hailii ukiikunja. Ukanda umeshonwa kuzunguka mpaka kisigino na umepinda juu kidogo kuzuia maji. Soli ya mpira yenye meno, ya kushika majani mabichi. Ulimi umeshonwa pande zote mbili, ukikanyaga kijito maji hayaingii. Alban alivaa nane na nusu, akafunga kamba, akasimama. Akaenda hadi kwenye kioo. Mzee wa miaka sabini na tisa, nikamwona anatazama miguu yake kama mwali.

"Taki, nichukue?"

Nilipiga goti. Nikabonyeza kwa kidole gumba pale penye nundu. Palikuwa pamebana. Nikamwambia atembee, kisigino cha kushoto kikawa kinapanda. Shamez akaleta tisa. Nundu ikapumua, lakini visigino vyote viwili vikawa vinacheza.

"Weka soli ya sufu ndani, na soksi mbili," Shamez akasema. "Atakwenda vizuri tu. Au nikuagizie ya upana mkubwa kutoka kiwandani, kila mguu saizi yake. Wiki sita. Forodha wakilala, saba."

Tanya akasema kwa Kiingereza, "Anko Taki, ni kilima kimoja. Atakipanda mara ngapi?"

"Mguu hauhesabu mara," nikamjibu. "Mguu unaumia mara moja tu."

Alban akanitazama. Hakumtazama Shamez wala binti yake.

"Nichukue hizi au ningoje?"

Nikasema, "Ngoja."

Sasa ninaandika haya na nitasema kweli. Kwenye boksi langu nilikuwa na kalibu ya mbao ya kupanulia viatu. Ile nane na nusu ningeilowesha kidogo pale kwenye nundu, nikaitia kalibu, siku tatu, kazi imekwisha. Nimewafanyia watu hivyo mamia ya mara, Nairobi, Lubumbashi, popote. Nililijua hilo nikiwa nimepiga goti pale. Lakini maisha yangu yote nimerekebisha viatu vya watu vilivyokwisha kuharibika, na nilitaka mara moja, kabla sijafa, kumvalisha mtu kiatu kisichokuwa na kasoro tangu mwanzo. Basi nikasema ngoja, na Alban akavua.

Nilirudi Mount Dennis. Ufunguo ulikuwa bado juu ya friji. Salman nikamwambia nitakuja mwezi wa nne.

Kila Jumapili, baada ya misa, Alban alimpigia Placido kwa WhatsApp, na mimi mara nyingi nilikuwapo kwa sababu Dulcie alikuwa hawezi kuniacha nile mikate mikavu peke yangu. Simu ilikuwa inawekwa mezani katikati ya sahani.

"Vimefika?" Placido alikuwa anauliza kabla ya salamu.

"Bado."

"Wanavishona au wanamchunga ng'ombe kwanza?"

"Taki anasema nivumilie."

"Huyo Taki ni yule wa Ngara? Alinitia msumari kwenye kisigino mwaka wa sabini! Mwambie bado nachechemea."

"Anakusikia."

"Vizuri."

Wiki ya pili alisema maneno mengi. Wiki ya nne alikuwa anasema machache na katikati anavuta hewa, unaisikia inapita. Wiki ya tano simu alishika mwanawe Dale, akawa anamwekea mdomoni. "Vimefika?" akauliza. "Bado, kaka." Hakutia mzaha wowote. Dulcie akaondoka mezani, akaenda kupiga pasi vitu vilivyokwisha kupigwa pasi.

Nikamfuata. Akaniambia bila kugeuka, "Mwambie aende kesho, Taki. Mimi hanisikii. Wewe anakusikia."

"Zimebaki wiki mbili tu, Mama Tanya."

"Wiki mbili za nani?"

Sikumwambia Alban.

Viatu vilifika katikati ya Machi. Shamez alivileta mwenyewe kwa gari lake. Alban akavaa na mimi nikabonyeza kila mahali kwa kidole: puani, kwenye nundu, juu ya ulimi. Nikaingiza kidole nyuma ya kisigino. Sikupata kasoro. Vilikuwa vimekaa kama vimezaliwa naye. Alban akaniuliza, "Sasa naenda?" na mimi, Mungu anisamehe, nikamwambia kiatu kipya cha namna ile lazima kizoeshwe, akikipeleka mlimani kikavu kitamchuna ngozi na atashindwa kufika juu mbele ya kaka yake. Wiki mbili, saa moja kila siku. Tanya akakata tiketi ya Jumatano ya Wiki Kuu.

Nje barabara zilikuwa bado na chumvi ya theluji, na chumvi inaila ngozi. Kwa hiyo alivizoeshea ndani, kwenye korido ya ghorofa ya kumi na mbili, kutoka lifti mpaka dirisha la mwisho, kwenda na kurudi. Ko, ko, ko. Mimi nilitembea ubavuni mwake na kandambili. Kulikuwa na msichana mwanafunzi chumba cha pembeni, alikuwa anafungua mlango na kumwuliza leo amefika wapi, na Alban anamjibu, "Leo nimefika Birmingham."

Ni kwenye korido ile, siku moja, ndipo aliponieleza habari ya mama yao kwa ukamilifu. Alifia Nairobi. Alban akapiga simu kutoka Toronto, akasema ningojeni, nafika Ijumaa. Placido alikuwa ametoka Uingereza siku mbili kabla, akamzika Alhamisi. Alban akakuta udongo mbichi na maua. Akamwambia kaka yake pale pale, mbele ya padre na wafiwa wote, kwamba kuanzia siku ile mama yao alikuwa amezaa mtoto mmoja tu.

"Kwa nini hakukungoja?"

"Alisema mochari ilikuwa na shida ya umeme. Alisema hakutaka mama akae vile." Tukafika dirishani, tukageuka. "Nilijua ni kweli, Taki. Nilijua siku ile ile. Lakini nilikuwa nimeshasema mbele ya watu."

Jumapili ya Matawi walirudi kanisani na matawi yao. Dulcie alichomeka moja nyuma ya picha ya ukutani. Alban akakaa kitandani kuvaa viatu kwa zamu yake ya koridoni, mlango wa chumba uko wazi, mimi niko sebuleni. Simu ikalia mapema kuliko kawaida. Tanya akaipokea. Alikuwa Dale.

Sikuhitaji kuambiwa. Tanya alisimama na simu mkononi, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue akasema Kiswahili, kile cha mtoto mdogo. "Daddy. Uncle Placido amekufa. Leo asubuhi."

Alban alikuwa amefunga kiatu kimoja. Akainama akafunga cha pili, fundo na fundo juu yake kama nilivyomfundisha. Akanyanyuka, akatupita sote, akafungua mlango. Tukamsikia anakwenda mpaka dirishani na anarudi. Hakukosea hatua hata moja, viatu vilikuwa vimeshamzoea. Akaingia, akakaa kwenye kiti cha mlangoni, akavivua, akaviweka sambamba.

Dulcie alinitazama. "Wewe na kidole chako," akasema.

Dale alikuwa bado yuko kwenye simu. Alisema baba yake alikuwa ameagiza jambo moja la mazishi: asizikwe mpaka Alban afike. Hata kama ni mwezi. Alisema alilirudia mara nyingi, na walimwahidi.

Jumatano tulishuka naye sote mpaka garini. Tulipokuwa tunatoka, viatu vilikuwa pale mlangoni, nimevipaka dawa usiku ule, vimekaa ndani ya mfuko wa kitambaa nilioshona mimi. Alban alivipita kama unavyopita viatu vya wageni, akavaa raba.

"Vaa viatu vyako, Alban," Dulcie akasema, pole pole.

"Hapana."

Alinipigia kutoka huko siku ya Pasaka. Nilikuwa chumbani kwangu, nimefungasha tena.

"Taki. Placido hakuwa anapanda kilima."

"Umesema?"

"Tangu mwaka juzi hajaipanda. Tangu Krismasi hata chooni alikuwa anashikwa. Dale amenionyesha viatu yake, zimekauka kabatini, buibui ndani. Ile maneno ya viatu alikuwa ananichokoza tu. Alitaka nicheke, ndiyo nisikatae kuja. Dale anasema kila Jumamosi usiku alikuwa anamwuliza, kesho Alban atasema zimefika?"

"Alban," nikasema, "nisamehe ndugu yangu. Zile za dukani zingefaa. Ningeweza kuzipanua. Siku tatu tu."

Nilisikia mvua upande wake, inapiga kwenye kioo.

"Huku inanyesha," akasema, akakata.

Placido alizikwa Jumanne baada ya Pasaka, kijijini kwake Derbyshire. Alikuwa na miaka themanini na nne. Alban alisimama kaburini na raba, zikaingia tope. Kilima hakukipanda.

Dulcie alifariki Agosti ile ile, kiharusi, akiwa kwenye foleni ya benki. Ghorofa ya kumi na mbili wamehamia watu wengine. Alban yuko kwenye nyumba ya wazee huko Markham, anavaa viatu vya kitambaa. Tukizungumza, anazungumza habari za reli. Tanya anamtembelea Jumapili, na Jumapili za mwisho wa mwezi ananipigia mimi, kwa Kiingereza. Dale ameuza nyumba ya baba yake na amehamia karibu na wakwe zake. Shamez amefunga duka. Watoto wake hawakulitaka.

Mimi niko Winnipeg. Salman mikono imekataa kabisa, kazi nafanya peke yangu, na mwezi ujao labda nitaondoka, bado sijajua kwenda wapi. Viatu Alban hakutaka kuviona tena, Dulcie alinipa mimi kabla hajafa. Viko chini ya kitanda, ndani ya mfuko wake. Navipaka dawa kila mwezi. Kimoja ni nane, kimoja nane na nusu, upana mkubwa. Havinitoshi.